Wingi wa Virusi na Ukali wa Ugonjwa kwa Wagonjwa Mahututi wa Mfumo wa Hewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari na wataalamu wa maabara wanaohudumia wagonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) wenye maambukizi ya virusi kwenye mapafu. Ndugu wa mgonjwa wanaotaka kuelewa majibu ya vipimo nao watapata la kuwafaa. Namba ya wingi wa virusi haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na siku ya ngapi ya ugonjwa, mahali sampuli ilipotolewa, na hali ya kinga ya mgonjwa. Kimojawapo kikikosekana, namba hiyo inapotosha zaidi ya kusaidia.

"Wingi wa virusi" ni kitu gani hasa?

Ni kiasi cha RNA au DNA (vinasaba) ya virusi kilichomo kwenye ujazo fulani wa sampuli, kwa kawaida kopi kwa mililita moja. Kwa kuwa namba hizo ni kubwa mno, maabara huziandika kwa logi: logi 4 ni kopi 10,000, logi 7 ni kopi 10,000,000. Mgonjwa wa UVIKO-19 anaweza kufikia logi 9 puani katika siku za mwanzo.

PCR, kipimo kinachozidisha vinasaba vya virusi mpaka vionekane, huhesabu vipande vya RNA, haihesabu virusi vilivyo hai. Mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa hukaa kwenye tishu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana PCR inaweza kuendelea kuwa chanya mwezi mzima, lakini sampuli hiyohiyo ikioteshwa kwenye seli za maabara hakioti kitu.

Jibu limeandikwa "Ct 18". Nilisomeje?

Ct ni idadi ya mizunguko ambayo mashine ya PCR ilihitaji hadi kuiona RNA ya virusi. Kila mzunguko unaongeza kilichopo maradufu, kwa hiyo sampuli yenye virusi vingi huonekana mapema. Ct ndogo ni virusi vingi, Ct kubwa ni virusi vichache. Mizunguko 3.3 ni tofauti ya mara 10 hivi. Kati ya Ct 18 na Ct 30 tofauti ni takriban mara 4,000.

Kosa tunaloliona zaidi ni kulinganisha Ct za mashine mbili tofauti. Kila kipimo kina jeni yake kinayoitafuta, ujazo wake wa sampuli na njia yake ya kuchuja RNA, hivyo Ct 24 ya kipimo kimoja inaweza kuwa Ct 28 kwenye kingine. Vipimo vingi vilitengenezwa vitoe jibu la chanya au hasi tu. Maabara isiyo na mstari wa ulinganisho uliochorwa kwa sampuli zenye kiasi kinachojulikana haiwezi kugeuza Ct kuwa kopi. Kwa SARS-CoV-2 (virusi vya UVIKO-19), Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka kiwango cha kimataifa cha RNA mnamo Desemba 2020, na maabara inayokitumia inaweza kutoa jibu linalolinganishika na la maabara nyingine.

Uliza pia Ct ya jeni ya binadamu iliyopimwa kwenye sampuli hiyohiyo, mara nyingi RNase P. Ikichelewa kuonekana, kijiti cha kuchukulia sampuli kilibeba seli chache mno, na "virusi vichache" unavyoviona huenda ni kasoro ya uchukuaji.

Virusi vikiwa vingi, ugonjwa unakuwa mkali?

Kwa kundi kubwa la wagonjwa waliolazwa, mara nyingi ndiyo. Kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yako, namba hiyo haitoshi.

Huko New York mwaka 2020, wagonjwa 678 waliolazwa kwa UVIKO-19 waligawanywa kwa Ct ya siku ya kulazwa. Walio na Ct chini ya 25 walifariki asilimia 35.0, wa Ct 25 hadi 30 asilimia 17.6, na waliozidi 30 asilimia 6.2. Uhusiano huo hauwezi kupuuzwa. Lakini angalia upande wa pili. Katika mji wa Vo' nchini Italia mwaka huohuo, watu walioambukizwa bila dalili yoyote walikuwa na virusi vingi puani sawa na waliougua. Kisha Uingereza ikafanya jaribio ambapo vijana wa miaka 18 hadi 29 waliwekewa virusi puani kwa hiari yao. Nusu hivi waliambukizwa, wakafikia viwango vya juu sana, na hakuna aliyeugua sana. Wingi wa virusi wao haukuendana na ukali wa dalili.

Mambo haya hayapingani. Virusi vingi puani kwa kijana mwenye kinga inayoitikia haraka ni tukio la siku chache. Virusi hivyohivyo vikiwa chini kwenye mapafu ya mtu wa miaka 75, na kinga yake ikachelewa kuamka, huua. Zaidi ya hayo, umri mkubwa na kinga dhaifu vyenyewe huongeza virusi, na vyenyewe huongeza vifo, kwa hiyo sehemu ya uhusiano ule wa New York inatokana na mgonjwa mwenyewe.

Kwa nini mgonjwa anazidiwa wakati virusi vinapungua?

Hili ndilo swali la msingi ICU, na jibu lake linabadilisha tiba.

Katika UVIKO-19 virusi hufikia kilele puani karibu na siku dalili zinapoanza, pengine kabla yake. Kupumua kwa shida huja siku ya 5 hadi 8. Mapafu hushindwa kazi siku ya 8 hadi 12, na wengi huingia ICU wakati huohuo. Yaani mgonjwa anapowekwa kwenye mashine ya kupumulia, kilele cha virusi kimeshapita kwa wiki moja au zaidi.

Kinachoendelea kuharibu mapafu ni mwitikio wa mwili wenyewe. Seli zilizoingiliwa zinatakiwa kutoa intaferoni (protini za kutoa tahadhari) saa za mwanzo kabisa ili seli jirani zijifunge. Virusi kama SARS-CoV-2 huzuia ishara hiyo, hivyo huzaliana siku kadhaa bila kubughudhiwa. Kinga inapoamka imechelewa, na inakuja kwa nguvu kupita kiasi: chembe nyeupe humiminika kwenye mapafu, saitokini (kemikali za kinga zinazochochea uvimbe) hupanda, kuta za mishipa midogo huvuja, na maji yenye protini hujaa kwenye vifuko vya hewa. Damu nayo huganda ndani ya mishipa hiyo midogo. Sehemu ya pafu inapata hewa bila damu, nyingine damu bila hewa. Uharibifu huo huendelea kwa nguvu zake hata virusi vikitoweka kesho.

Kwa baadhi ya watu tatizo ni la tangu awali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta watu 101 kati ya wagonjwa 987 wa UVIKO-19 kali, karibu asilimia 10, wakiwa na kingamwili zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe. Wengi wao walikuwa wanaume. Walikwenda vitani bila silaha ya kwanza.

Mwenendo huu ni uleule kwa virusi vyote?

Hapana, na kuchanganya mienendo hiyo ni hatari.

Mafua ya kawaida ya influenza hufikia kilele ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya dalili kuanza, halafu virusi hushuka haraka kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa aliyeko kwenye mashine, virusi hudumu zaidi ndani ya mapafu, wakati mwingine kupita wiki. SARS ya mwaka 2003 ilikuwa kinyume: kilele chake kilikuja karibu na siku ya 10, mgonjwa akiwa tayari yuko wodini, na hiyo ni sababu mojawapo wahudumu wengi wa afya waliambukizwa.

Mafua ya ndege ya H5N1 ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa virusi vyenyewe kuendesha ukali. Kwa wagonjwa wa Vietnam walioelezwa mwaka 2006, waliofariki walikuwa na virusi vingi zaidi kooni, RNA ilionekana kwenye damu yao, na saitokini zilipanda sambamba na virusi. Hapo virusi na mwitikio wa mwili huwaka pamoja, na kuchelewesha dawa ya virusi hakuna utetezi.

Kwa RSV (virusi vya njia ya hewa) kwa watoto wachanga matokeo ya tafiti yanakinzana. Baadhi zimekuta virusi vingi vikienda na kulazwa muda mrefu, nyingine zimekuta kinyume chake. Njia za hewa za mtoto ni nyembamba, na ute pamoja na seli zilizokufa huziba hata virusi vikiwa vya wastani.

Kijiti cha puani kimetoka hasi, lakini mgonjwa ana nimonia na yuko kwenye mashine. Inawezekana?

Inawezekana, na si jambo la nadra. Virusi hushuka kutoka puani kwenda mapafuni kadiri siku zinavyopita. Ikifika wiki ya pili pua inaweza kuwa safi ilhali makohozi ya kwenye bomba la hewa yana virusi tele. Ilionekana kwenye influenza ya H1N1 ya mwaka 2009 na ikaonekana tena kwenye UVIKO-19. Kwa H5N1, hata sehemu za juu zinatofautiana: koo hubeba virusi vingi kuliko pua.

Mgonjwa aliyewekewa bomba la hewa achukuliwe sampuli ya chini, yaani ya mapafuni. Usisitishe dawa ya virusi kwa kutegemea kijiti kimoja cha puani.

Sampuli ya chini inachukuliwaje, na nini huharibika?

Rahisi na salama zaidi ni kunyonya makohozi kupitia bomba la hewa kwa mfumo uliofungwa, ukiwa na chombo cha kukusanyia kilichounganishwa kwenye njia ya kunyonyea. Mililita 2 hadi 3 zinatosha. Makohozi mazito hayapiti vizuri kwenye mashine ya PCR, kwa hiyo maabara lazima iyalainishe kwanza. Yasipolainishwa, kipimo hukwama na jibu linatoka "batili", au mbaya zaidi, linatoka hasi la uongo.

Kuosha mapafu kwa bronkoskopu (mrija wenye kamera) hutoa sampuli ya ndani zaidi. Humwagwa maji ya chumvi mililita 100 hadi 300 kwa mafungu matatu hadi matano, kisha hunyonywa. Sampuli nzuri ni ile inayorudisha angalau asilimia 30 ya yaliyomwagwa. Hapa ndipo namba inapoyumba: mgonjwa mmoja amerudisha asilimia 60, mwingine 25, na ukolezi wa virusi umepunguzwa kwa viwango tofauti. Kulinganisha kopi kwa mililita za sampuli mbili za namna hiyo ni kulinganisha maji yaliyotumika. Mgonjwa ambaye oksijeni yake inashuka kwa kuguswa tu asifanyiwe bronkoskopi kwa sababu ya kutafuta namba. Wanaofanya wavae barakoa ya N95 au inayolingana nayo, kinga ya macho na gauni, maana kazi hii hurusha matone madogo hewani.

Kwa kijiti cha puani: kielekeze sambamba na kaakaa, si kwenda juu machoni, mpaka kigote nyuma. Kiache sekunde kadhaa kilowe, kizungushe, kisha kitoe taratibu. Tumia kijiti cha nyuzi za sintetiki chenye mpini wa plastiki. Vyenye mpini wa mbao au ncha ya kalisi alginati huzuia PCR. Sampuli ikae nyuzi joto 2 hadi 8, ifike maabara ndani ya saa 72. Ikichelewa zaidi, igandishwe kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Sampuli iliyoshinda juani itatoa Ct kubwa, na mtu atasema virusi vimepungua.

Virusi kwenye damu vina maana gani?

Ni dalili mbaya. RNA au antijeni (protini) ya SARS-CoV-2 ikionekana kwenye damu, hatari ya kuingia ICU na ya kufa huwa juu, na ishara hii hutabiri vizuri kuliko namba ya puani. Inaonyesha ukuta wa mapafu umevunjika au kinga imeshindwa kuzuia. Haina maana kwamba kuna virusi hai vinavyozunguka kwenye damu.

Mgonjwa amepandikizwa kiungo, au anatumia rituksimabu (dawa inayoondoa seli zinazozalisha kingamwili). Kuna tofauti?

Kubwa sana. Mtu asiyeweza kutengeneza kingamwili anaweza kubeba virusi hai kwa miezi. Kwake, Ct 20 siku ya 30 si mabaki, ni maambukizi yanayoendelea. Hapa ndipo kipimo cha wingi wa virusi kina thamani kuliko popote: husaidia kutofautisha virusi vinavyozaliana na RNA ya mabaki, na huonyesha kama dawa inafanya kazi. Ct ikianza kushuka tena akiwa katikati ya tiba, fikiria virusi vimejenga usugu, na uombe jeni za virusi hivyo zisomwe.

Dawa za virusi zianze lini?

Samaki mkunje angali mbichi. Kwa influenza kali, anza oseltamiviri mara tu unaposhuku, kabla ya majibu. Faida kubwa ipo ndani ya saa 48 za mwanzo, lakini aliyeko ICU apewe hata akichelewa, kwa kuwa virusi vyake bado vinazaliana. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Wagonjwa mahututi wengi huongezewa siku. Figo zikiwa dhaifu punguza: uchujaji wa kreatinini ukiwa mililita 30 hadi 60 kwa dakika, miligramu 30 mara mbili, ukiwa 10 hadi 30, miligramu 30 mara moja. Hupita vizuri kwenye mrija wa puani kwenda tumboni. Kuongeza dozi maradufu kulijaribiwa kwa wagonjwa wakali na hakukuleta faida.

Zanamiviri ya unga isitiwe kamwe kwenye mashine ya kupumulia. Unga huo una laktosi, huziba vifaa vya mashine, na mwaka 2009 ulitolewa onyo baada ya mgonjwa kufariki kwa sababu hiyo.

Kwa UVIKO-19, nirmatrelviri pamoja na ritonaviri huanza ndani ya siku 5 za dalili, kwa wasiohitaji oksijeni. Remdesiviri husaidia kwa kiasi wanaohitaji oksijeni. Kwa aliyekwisha kuwekwa kwenye mashine, haijaonyesha kupunguza vifo.

Tukishusha virusi haraka zaidi, mgonjwa atapona haraka zaidi?

Ingekuwa hivyo kazi ingekuwa nyepesi. Kwa influenza kali, jaribio moja liliongeza baloksaviri juu ya dawa za kawaida. Virusi viliisha mapema zaidi, lakini wagonjwa hawakupata nafuu mapema zaidi. Namba kwenye karatasi ilipendeza, pafu lilibaki palepale.

Kingamwili za kutengenezwa maabara zinafundisha vivyo hivyo. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, mchanganyiko wa kasirivimabu na imdevimabu ulipunguza vifo kutoka asilimia 30 hadi 24 kwa wagonjwa ambao miili yao ilikuwa haijatengeneza kingamwili. Waliokuwa nazo tayari hawakufaidika. Kumjua mgonjwa asiye na kingamwili kulikuwa na uzito kuliko kujua Ct yake.

Na steroidi (dawa za kutuliza kinga)?

Kwa UVIKO-19 yenye kuhitaji oksijeni, deksamethasoni miligramu 6 kwa siku hadi siku 10. Matokeo ya RECOVERY ya mwaka 2020 yanaonyesha wakati wake: kwa walio kwenye mashine vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, kwa wa oksijeni pekee kutoka 26.2 hadi 23.3, kwa wasiohitaji oksijeni hakukuwa na faida, na vifo vilielekea kupanda, 17.8 dhidi ya 14.0. Kukandamiza kinga wakati virusi bado vinapanda ni kumsaidia adui.

Usihamishe kanuni hii kwenda influenza. Kwa influenza kali WHO inashauri steroidi zisitumike, isipokuwa kuna sababu nyingine kama pumu.

Maabara imekuta virusi vya herpesi kwenye mapafu ya mgonjwa aliyekaa wiki mbili kwenye mashine. Tutibu?

Mara nyingi ni virusi vya zamani vilivyoamka kwa sababu mwili umechoka. Kuviona tu si nimonia ya herpesi. Jaribio lililotolewa mwaka 2020 lilitoa asikloviri mapema kwa wagonjwa wa namna hii, na siku za kuwa nje ya mashine hazikuongezeka. Tibu kukiwa na viwango vya juu sana pamoja na dalili za seli zilizoathirika au vidonda kwenye njia ya hewa. Mgonjwa akizidiwa ghafla baada ya kupata nafuu, tafuta kwanza bakteria na fangasi wa aspajilasi.

Kama namba haituongozi kila siku, tutazame nini?

Uwiano wa oksijeni ya damu kwa oksijeni anayovuta (PaO2/FiO2) huonyesha ukali wa kushindwa kwa mapafu: 300 au chini ni hafifu, 200 au chini ni wastani, 100 au chini ni kali. Hewa ya mashine kwa kila pumzi iwe mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutoka urefu wake, na shinikizo la plato (la hewa mapafuni mwishoni mwa kuvuta pumzi) lisizidi sentimita 30 za maji. Uwiano ukiwa chini ya 150, alazwe kifudifudi angalau saa 16 kwa siku. Katika jaribio la PROSEVA la mwaka 2013 vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 16.0 badala ya 32.8. Hakuna dawa ya virusi iliyowahi kumpa faida kubwa hivyo mgonjwa aliye kwenye mashine.

Kipimo kirudiwe mara ngapi, na atatoka lini kwenye kutengwa?

Kila siku haina maana. Sampuli mbili za mtu mmoja siku moja zinaweza kupishana mizunguko kadhaa, na mtu akaanza kubadilisha dawa kwa kufuata kelele za kipimo. Kwa mwenye kinga dhaifu, mara moja kwa wiki, sampuli ya sehemu ileile, kwenye mashine ileile ya PCR.

Kuhusu kutengwa, mgonjwa wa UVIKO-19 kali huhesabiwa siku, kwa kawaida kati ya 10 na 20 tangu dalili zianze, kwa sharti kwamba homa imeisha na hali inaimarika. Mwenye kinga dhaifu hapimwi kwa kalenda: asubiri majibu mawili hasi mfululizo, yaliyopishana saa 48, na kama bado ana bomba la hewa, sampuli hizo zitoke chini.